Ukigonga 35 Kenya wewe si kijana tena, lakini mgeni wa 35 anaruhusiwa kuja kupumzika: Rada kamili ya kibali cha Class K na familia

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefika miaka 18 lakini hajafika 35. Siku ile unakata keki ya 35, umetolewa kwa orodha. Pesa za vijana, tenda za vijana, viti vya vijana kwa chama, zote zinakupita ukiangalia.

Sasa shika hii. Hiyo miaka 35 ndiyo hiyo hiyo watu wa uhamiaji wanatumia kumfungulia mgeni mlango aje aishi hapa bila kufanya kazi. Wewe unaambiwa umeuzeekea ujana, yeye anaambiwa karibu upumzike. Kinachowatenganisha ni kitu moja tu: doo.

Hiyo kibali inaitwa Class K. Kama umewahi kupita Malindi ukaona Waitaliano wamekaa mkahawani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, au Diani ukaona mzee wa kutoka Ujerumani anatembeza mbwa kama hana shida duniani, basi umewahi kujiuliza hawa watu wanaishi hapa kwa sheria gani. Na kama una beste anadate mmoja wao, au una uncle Marekani anasema anarudi nyumbani kustaafu na bibi yake wa huko, hii stori inakuhusu kuliko unavyofikiria.

Kwa sababu kuna swali moja watu huwa hawaulizi mpaka ngori ianze: karatasi iko kwa jina la nani?

CLASS K NI NINI HASA

Sheria yenyewe ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Imegawanya vibali kwa herufi. Kuna ya mwenye kuajiriwa, kuna ya mwekezaji, kuna ya mmishonari. Class K ni ya mtu anayeitwa mkaazi wa kawaida. Kiingereza cha sheria hakitumii neno kustaafu, lakini hiyo ndio wastaafu wengi kutoka nje wanaomba.

Masharti ni matatu, na hayana maneno mengi.

Kwanza, awe na miaka 35 kwenda juu. Pili, awe na mapato ya uhakika ya angalau dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Tatu, akubali kwamba hatafanya kazi ya kulipwa hapa Kenya.

Hizo dola zinaweza kutoka njia tatu. Zinaweza kuwa pesa za nje, kama pensheni, ambazo zitakuwa zinatumwa Kenya. Zinaweza kuwa mapato ya mali aliyonayo hapa, kwa mfano nyumba anazopangisha, au pensheni inayolipwa kutoka hapa. Ama awe na mtaji ambao ataleta auwekeze hapa, uzae hizo hela.

Tupige hesabu ya mtaa. Dola ikicheza kwa shilingi 129, dola 24,000 ni kama shilingi milioni 3.1 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi 258,000 kila mwezi, bila kuamka asubuhi kukimbizana na matatu.

Halafu weka hii kando yake. Serikali yetu iko na mpango wa Inua Jamii, ambapo mzee wa miaka 70 na zaidi anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zidisha mara 12. Unapata 24,000. Namba ni ile ile. Mzee wa kutoka nje anaonyesha 24,000 za dola ndio akubaliwe kuishi Kilifi, na shosho wa Kilifi anapewa 24,000 za shilingi aishi Kilifi hiyo hiyo, soko moja, bei ya samaki moja.

Sisemi mgeni amekosea. Yeye alifanya kazi kwao, akakatwa pensheni, akalipwa. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini nchi nyingi zinatafuta wastaafu wa wengine, anza hapo. Mstaafu ni mgeni ambaye serikali yoyote ingempenda. Analeta pesa, hachukui kazi ya mtu, hapangi foleni ya kutafuta ajira. Anakula, analipa kodi ya nyumba, analipa askari wa geti na msichana wa kupika. Kwa serikali hiyo ni kama utalii ambao haurudi nyumbani.

Ndio maana lile sharti la tatu ni serious. Mwenye Class K akifungua baa Watamu na kusimama kaunta, ameingia kwa biashara, na biashara ina kibali chake, Class G, ambacho mwekezaji anatakiwa awe na mtaji wa angalau dola 100,000. Huwezi kuingia na tiketi ya kupumzika halafu ukaanza kuuza.

WANAOISHI KWA KURUKA MPAKA

Sio kila mzee unayemwona ufuoni ana Class K. Wengine wako na ruhusa ya mgeni wa kawaida. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza za zamani ikaleta eTA, unaomba kwa intaneti kabla ya kupanda ndege. Ukifika unapewa mpaka siku 90, na unaweza kuomba kuongezewa muda mpaka jumla ya miezi sita. Ikifika hapo, game over, toka.

Sasa kuna wasee wanacheza ile ya kutoka. Anavuka Lunga Lunga, anakula wali Tanga siku mbili, anarudi anagongwa muhuri mpya. Mwaka unaisha, mwingine unaingia, na yeye bado anajiita mtalii. Shida ni kwamba afisa wa mpakani hana deni na wewe. Siku akiangalia pasipoti na kuona mihuri imejaa kama kadi ya chama, anaweza kukwambia hapana, na hapo umebaki upande wa pili na begi la siku mbili wakati nyumba, mbwa na mpenzi wako upande huu.

Na ukishikwa hapa bila karatasi, Kifungu cha 53 cha hiyo sheria ya 2011 hakina huruma. Faini mpaka shilingi 500,000, au jela mpaka miaka mitatu, au zote mbili. Halafu unasindikizwa ndege.

Kitu kingine: mgeni yeyote anayekaa zaidi ya siku 90 anafaa kujisajili apate kile kitambulisho cha wageni. Kibali peke yake hakitoshi. Hizi ni karatasi mbili tofauti, na watu huzichanganya kila siku.

THAILAND WANAFANYAJE

Ndio ujue kama Kenya ni kali ama ni laini, lazima ulinganishe. Na kwa mambo ya wastaafu, shule kubwa ni Thailand. Hao wamefanya hii kitu kwa muda mrefu, na wamekula hasara, wakajifunza.

Kule lazima uwe na miaka 50, sio 35. Unapata viza ya kuingia ya siku 90, halafu ukiwa ndani unaomba kuongezewa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, unaomba tena. Kila mwaka. Hata ukikaa miaka 20, wewe ni mgeni wa mwaka mmoja mara ishirini.

Pesa: uweke baht 800,000 kwa benki ya Thailand, kwa jina lako, ama uonyeshe mapato ya baht 65,000 kwa mwezi, ama uchanganye hizo mbili mpaka ifike 800,000 kwa mwaka. Kwa shilingi yetu 800,000 ni kama milioni 3 na kitu. Yaani karibu sawa na zile dola 24,000 za Kenya. Dunia nzima ni kama ilikaa kikao ikakubaliana bei ya kupumzika.

Lakini angalia vile wanabana. Zamani watu walikuwa wanaweka pesa kwa akaunti, wanapata barua ya benki, wanaongezewa mwaka, halafu wanatoa pesa kesho yake. Wengine hata hiyo pesa si yao, wamekopeshwa ya kuonyesha tu. Kuanzia Machi 2019 wakaweka kanuni mpya: pesa ikae miezi miwili kabla ya kuomba, ikae miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na mwaka wote uliobaki isishuke chini ya 400,000. Ukishuka, mwaka ujao utaulizwa.

Bado hujamaliza. Kila siku 90 unaripoti mahali unapoishi. Ukichelewa ni faini ya baht 2,000. Ukitaka kusafiri nje, lazima ununue kwanza ruhusa ya kurudi: baht 1,000 ya safari moja, 3,800 ya safari nyingi. Ukisahau, ukapanda ndege kwenda matanga kwenu, ule mwaka wako umekufa palepale uwanja wa ndege. Unaanza upya.

Ukizidisha muda, ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000. Halafu kuna marufuku. Aliyezidisha zaidi ya siku 90 na akajitokeza mwenyewe anafungiwa mwaka mmoja. Ukishikwa badala ya kujitokeza, hata kama hujamaliza mwaka, ni miaka mitano nje. Hawa watu hawachezi.

Kuna pia mlango wa watu wazito. Tangu Septemba 2022 Thailand ina viza ya muda mrefu, na mstaafu tajiri wa miaka 50 anaingia kama ana mapato ya dola 80,000 kwa mwaka bila kufanya kazi. Huyo anapewa miaka mingi na heshima zaidi. Kama kawaida, mwenye nacho anapunguziwa foleni.

FAMILIA: HAPA NDIO NGORI HUANZIA

Sasa tufike pale panauma.

Mstaafu haji peke yake. Anakuja na bibi, ama bwana, pengine na mtoto wa mwisho. Hao ndio sheria inaita wategemezi. Kenya mwenye kibali anawaombea pasi ya mtegemezi. Thailand mke au mume, na watoto ambao hawajaoa na hawajafika miaka 20, wanaongezewa muda kwa kumfuata mwenye viza.

Neno kubwa hapo ni kumfuata. Mtegemezi hana haki yake mwenyewe ya kukaa. Yeye ameshikilia shati ya mtu. Huyo mtu akifukuzwa, akirudi kwao, akiachana naye, ama akifa, shati imeenda.

Fikiria mama wa miaka 60 ambaye bwana yake ndiye alikuwa na pensheni. Wameishi Chiang Mai miaka kumi. Mzee analala haamki. Kabla hata matanga hayajaisha, mama anatakiwa kuanza kufikiria viza, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa imeandikwa juu ya mgongo wa marehemu. Kama ana miaka 50 na ana zile baht 800,000 kwa jina lake, anaweza kuomba kama mstaafu mwenyewe. Kama pesa ilikuwa kwa akaunti ya mzee, imefungwa na mambo ya urithi, na yeye hana kitu cha kuonyesha.

Hakuna ukatili wa mtu hapo, ni vile mfumo umeundwa. Uliuziwa mtu mmoja, wengine ni mizigo ya mkono.

Na mtoto naye anakua. Thailand akigonga 20, ametoka. Malaysia, kwa ule mpango wao wa MM2H wa tangu 2002, wamekuwa na moyo zaidi kwa watoto, kwani unaweza kwenda na mtoto mpaka wa miaka 34 kama hajaoa na hafanyi kazi. Lakini mlango wenyewe unaanzia amana ya kuweka benki. Panama wao ni rahisi kuelewa: pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, na ongeza 250 kwa kila mtegemezi. Ureno nao wanapima kwa mshahara wa chini wa nchi yao: wewe lipa mmoja mzima, mke au mume ongeza nusu, mtoto ongeza asilimia 30. Yaani familia ina bei, na kila kichwa kinapigiwa hesabu.

KAMA WEWE NI MKENYA NA YEYE NI MGENI

Sis, hii sehemu ni yako. Na wewe buda uliyepata mzungu pia, usijifiche nyuma.

Stori ya mtaa husema msichana wa Kenya akimpata mzee wa nje, yeye ndiye ameokotwa. Yeye ndiye anategemea. Ukifungua sheria, unakuta kinyume kabisa. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya anaweza kupata pasi ya mtegemezi kupitia kwa huyo Mkenya. Kwa karatasi, mtegemezi ni yeye. Mdosi ni wewe.

Kuna zaidi. Akikaa kwenye ndoa na Mkenya miaka mitatu, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikifika miaka saba, Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Na hiyo sheria ya 2011 ilikumbuka hata mjane: mgeni ambaye mwenzake Mkenya alikufa kabla ya miaka saba kutimia, bado ana njia ya kuomba. Linganisha na yule mama wa Chiang Mai uone tofauti ya kushikilia shati ya raia na kushikilia shati ya mgeni mwenzako.

Na ujue hii haki si ya zamani. Kwa katiba iliyokuwa kabla ya Agosti 2010, mwanamke wa nje aliyeolewa na Mkenya ndiye alikuwa na hiyo njia. Mwanamume wa nje aliyeoa Mkenya hakuwa nayo. Dada zetu walikuwa raia nusu kwa mambo ya ndoa. 2010 ikafuta hiyo upuzi.

Lakini yote hayo yana mlango mmoja, na mlango huo unaitwa cheti cha ndoa.

Sio picha za Instagram. Sio kukaa keja moja miaka minane. Sio kumjua mama yake kwa simu ya video. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ile ya kimila. Come-we-stay haina muhuri. Ni kweli mahakama zinaweza kudhania ndoa ilikuwepo mkiachana au mmoja akifa, lakini Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema hiyo ni njia ya nadra na ikaiwekea masharti makali. Afisa wa uhamiaji hatakaa kusikiza historia yenu. Anataka karatasi.

Na hapa ndio wengi huumia kwa shamba. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kukodishwa kwa miaka 99. Kwa hivyo mzee anataka ploti ya milele Vipingo, anaiweka kwa jina la mpenzi wake. Mapenzi yakiwa moto, kila mtu anacheka. Yakipoa, mzee anasema pesa ni yangu, manzi anasema jina ni langu, na watoto wa mzee kutoka Ulaya wanatua na wakili. Kama hakuna ndoa iliyosajiliwa wala makubaliano ya maandishi, mmoja wenu atalia. Na sio lazima awe mzungu. Kuna wasichana wamejenga na pesa zao, jasho lao la kusimamia fundi jua kali, na nyumba iko kwa jina la kampuni ya mzee. Hao huondoka na suitcase tu.

UNCLE ANAYERUDI KUTOKA MAJUU

Kuna mstaafu mwingine tunamsahau kwa sababu ni wetu. Uncle alienda Marekani miaka ya tisini, akachukua pasipoti yao, akafanya kazi, sasa ana pensheni na amejenga Kitengela. Anasema anarudi nyumbani.

Kwa sheria, anaweza kuwa anarudi kama mgeni. Kabla ya Agosti 2010 Kenya haikukubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukichukua wa kwingine, wa hapa ulianguka, hata kama jina lako bado ni Mutua na umezaliwa Machakos. Watu wengi waliotoka wakati huo hawajui.

Habari njema ni kwamba hahitaji Class K wala dola 24,000. Kifungu cha 14 kinasema Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine ana haki ya kuomba arudishiwe. Ni ombi, hairudi yenyewe. Aombe kabla ya kuhama, ndio akanyage hapa kama mwenye nyumba.

Watoto wake waliozaliwa huko? Katiba inawahesabu raia wa kuzaliwa kama baba au mama ni Mkenya, hata kama alikuwa Mkenya zamani. Zamani mtoto wa kuzaliwa nje alifuata baba peke yake. Sasa mama pia anapitisha. Kwa hivyo cousin wako wa Minnesota mwenye lafudhi ya puani ana haki ya kitambulisho kama wewe, na akifika 35 atatolewa kwa orodha ya vijana kama wewe pia.

Bibi wa uncle, kama ni Mmarekani, ndiye mtegemezi hapo. Yeye atakuja kwa pasi inayoshikilia uraia wa uncle. Ukiona uncle hajarudisha uraia wake, basi hata bibi hana shati ya kushika. Hiyo ndio sababu mambo yake yanafaa kuanza kwanza.

NA UKITAKA KUMPELEKA MATHE MAJUU?

Geuza sarafu. Wewe ndiye uko nje, na unataka mathe aje astaafu kwako. Hapa ndio unajua dunia haipendi wazee wasio na pensheni.

Uingereza walikuwa na njia ya wastaafu wenye pesa zao, miaka 60 na mapato ya pauni 25,000 kwa mwaka. Waliifunga Novemba 2008. Njia iliyobaki ya kuleta mzazi ilibanwa Julai 2012: lazima uonyeshe kwamba anahitaji kuhudumiwa kila siku kwa muda mrefu, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao hata ukituma pesa. Yaani mathe awe mgonjwa sana ndio akubaliwe, lakini pia Kenya iwe haina mtu wa kumhudumia hata ukilipa. Ni wachache wanapita hapo.

Marekani, raia aliyefika miaka 21 anaweza kumwombea mzazi, na hakuna foleni ya idadi. Lakini mwenye green card peke yake hawezi. Kanada wana Super Visa ya wazazi na mababu: tangu Julai 2022 mzazi anaweza kukaa mpaka miaka mitano kwa kuingia mara moja, lakini awe na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, na wewe uonyeshe mapato ya kumlisha.

Umeona vile iko? Mzee wao akija huku anaulizwa mapato. Mzee wetu akienda huko anaulizwa ugonjwa, bima, na mtoto wake analipwa ngapi.

KENYA IFANYE NINI

Oktoba 2024 Rais Ruto alitangaza kibali cha wale wanaofanya kazi za nje kwa laptop wakiwa hapa. Kwa hivyo njia ni wazi: Kenya inataka wageni wenye mapato ya nje, wazee na vijana. Mimi sina shida na hiyo. Pesa ikija Ukunda, kuna boda boda anakula, kuna mama mboga anakula.

Shida yangu ni kwamba tunapima mgeni kwa pesa pekee, halafu tunaacha watu wanaoishi karibu naye wajitafutie. Hakuna mtu hufundisha msichana wa Mtwapa kwamba miaka mitatu ya ndoa iliyosajiliwa inampa mzee njia ya ukaazi, na kwamba hiyo ni nguvu mkononi mwake. Hakuna mtu humwambia mfanyakazi wa nyumba kwamba mdosi akikosa kuongezewa muda, kazi yake inaisha bila notisi. Ofisi za uhamiaji zinaongea na mwombaji. Zingeongea pia na mtaa, kwa Kiswahili, kwa redio, tungepunguza machozi mengi.

Kabla hujaingia kwa maisha ya mtu kwa miguu miwili, uliza haya. Kibali chake ni cha aina gani, na kinaisha lini? Kama ninamfuata nchi nyingine, ruhusa yangu inasimama kivyake ama imeshikilia yake? Akifa kesho, mimi nina siku ngapi, na akaunti ya benki iko kwa jina la nani? Ndoa yetu imesajiliwa? Shamba je?

Mtu anayekupenda hatakasirika ukiuliza. Na kama anakasirika kwa sababu umeuliza tarehe ya mwisho ya kibali, basi hiyo ndio jibu lako.